Kasi ya Kukereza Huanzia kwenye Kipenyo

Ndugu walimu, mafundi wenzangu, na vijana mnaojifunza kukereza chuma hapa Tanga,

Kila mwanagenzi huniuliza mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma mbele ya kisu, izunguke mara ngapi kwa dakika. Swali hilo halijibiki kabla ya kujua kipenyo cha kazi, yaani kipande kinachokerezwa, iliyofungwa kwenye chaki (kishikio kinachoizungusha), kwa kuwa kisu hakihesabu mizunguko; kinachokichosha ni ngozi ya chuma inayopita mbele yake, na mwendo wa ngozi hiyo hupimwa kwa mita kwa dakika.

Tuchukue shafti ya chuma laini yenye kipenyo cha milimita 60, iliyoletwa kutoka kiwanda cha mkonge ikiwa imelika mahali pa beringi. Kwa kisu cha haispidi (chuma cha pua kinachostahimili joto la kukata), mita 25 kwa dakika ni kianzio salama. Zidisha 25 kwa 1,000 ili upate milimita, kisha gawanya kwa mzingo, yaani 3.14 mara 60. Jibu ni mizunguko 133 hivi. Asiye na kikokotoo azidishe kasi kwa 318 (ndiyo 1,000 gawanya kwa 3.14), agawanye kwa kipenyo. Ikiwa gia zilizopo ni za mizunguko 115 na 175, weka 115. Lakini sehemu ya shafti hiyohiyo ikishachongwa hadi milimita 20, gia hiyo inakupa mita 7 tu kwa dakika, ilhali hapo panataka mizunguko karibu 400.

Mimi mwenyewe niliwahi kufunga puli kubwa ya chuma cha kusubu bila kubadili gia ya kasi iliyokuwa imetumika kwa kijiti cha alumini. Kabla sijakata hata upana wa kidole, ncha ya kisu iligeuka buluu na kulainika, nami nikashinda kwenye jiwe la kunolea hadi adhuhuri, huku mzee wangu wa kazi akinitazama bila kusema neno, jambo lililoniuma kuliko kukaripiwa.

Kwa kisu cha kabaidi, kigumu kuliko haispidi, kasi yaweza kufika mara tatu ya ile ya haispidi au zaidi, mashine ikiwa imara. Kukata hesi (nyuzi za skrubu) na kukata kipande kitenganike hutaka kasi ndogo.

Unapokwangua uso wa kazi, kipenyo hupungua kadiri kisu kinavyoelekea katikati, na kwenye kitovu kasi ni sifuri hata mhimili ukivuma. Kisu kilichofungwa chini ya usawa wa kitovu huacha chunusi pale, na kwa kuwa kasi hapo ni sifuri, kuongeza gia hakuiondoi.