Fanksheni ya Wingi: Isitunge Neno, Ichague Sentensi

Wenzangu, karibuni. Leo nataka tuzungumzie fanksheni ndogo, yaani kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja, ambayo karibu kila mwandishi wa programu huiandika mapema: unaipa neno na idadi, nayo inakurudishia neno hilo katika umoja au wingi. Kwa Kiingereza ni mistari miwili mitatu: idadi ikiwa si 1, ongeza s. Ruby on Rails, mfumo wa kujengea programu za wavuti, inakuja nayo tayari, inaitwa pluralize, pamoja na orodha ya maneno korofi, kwa hiyo person inageuka people bila wewe kuhangaika.

Sasa ijaribuni njia hiyo kwa Kiswahili. Chukueni mtu, mto na mbu. Yote matatu yanaanza na m, lakini wingi wake ni watu, mito na mbu. Kitabu kinakuwa vitabu, ila kima, yule mnyama wa porini, anabaki kima hata wakiwa kundi zima. Mtasema basi tuweke orodha ya maneno. Sawa, tuweke. Mtume, mitume. Kiongozi, viongozi. Orodha imekubali, lakini tazameni kitenzi: mitume walifika, viongozi wamesajiliwa. Umbo la nomino linavuta huku, upatanisho unavuta kule.

Hapo ndipo penye shida yenyewe. Wingi wetu haukai ndani ya nomino peke yake, umeenea sentensi nzima. Tuseme programu ya zahanati inaandika “Mgonjwa mpya 1 amesajiliwa”. Wakifika watano ni “Wagonjwa wapya 5 wamesajiliwa”. Maneno matatu yamebadilika! Fanksheni iliyopewa neno mgonjwa tu itageuza hilo moja na kukuachia “Wagonjwa mpya 5 amesajiliwa”, na muuguzi atasoma hivyo kutwa nzima. Mimi naona huko ni kumkosea heshima msomaji.

Kwa hiyo nasema fanksheni isitunge wingi, ichague tu. Mfasiri aandike sentensi mbili kamili, programu iangalie idadi na kuchukua inayofaa. Zana zipo. GNU gettext, zana ya kutafsiri maandishi ya programu, ina ngettext: unaipa sentensi ya umoja, ya wingi na idadi, na kanuni ya lugha inakaa juu kabisa kwenye faili la tafsiri. Kwa Kiswahili inatosha hii, yaani maumbo mawili, na wingi utumike idadi (n) isipokuwa 1:

nplurals=2; plural=(n != 1);

CLDR ya Unicode, hazina ya kanuni za lugha kwa ajili ya programu, nayo inakipa Kiswahili makundi mawili ya idadi. Kijapani kina moja, Kiarabu kina sita, na kwa Kirusi 21 inaingia kundi moja na 1. Ukiandika mwenyewe “kama idadi ni 1” katikati ya msimbo, umewafungia mlango hao wote.

Sifuri inaangukia kwenye wingi. “Jumbe mpya 0” itaeleweka, lakini “Huna ujumbe mpya” ndivyo watu wanavyosema, basi iandikieni sentensi yake.

Pamoja na hayo, kuna mahali ambapo fanksheni ya kweli inahitajika, nami napapenda sana: pale idadi inapotamkwa kwa maneno, kama kwenye programu inayomsomea mtu kwa sauti. Tarakimu huficha upatanisho, sauti haifichi. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupokea kiambishi cha ngeli. Sita, saba na tisa hazipokei, wala kumi. Halafu sikilizeni 21: vitabu ishirini na kimoja. Nomino iko kwenye wingi, mwisho wa namba uko kwenye umoja. Fanksheni basi ipewe viambishi vyote viwili, ki na vi. Na 202 je? Vitabu mia mbili na viwili. Mbili ya kwanza inahesabu mia, haivigusi vitabu. Ya mwisho ndiyo inayovihesabu. Kiambishi kiwekwe kwenye mamoja tu, na majaribio yenu yaanze na 1, 8, 9, 11, 21 na 202.