Saa Moja ni Asubuhi: Usingizi wa Msafiri Anayefanya Kazi Mtandaoni

Asanteni. Kaeni, tafadhali. Na nyinyi wa mlangoni ingieni, viti viko huku mbele.

Baadhi yenu mmeshanisikia nikiyasema haya. Mbale nimeyasema, Arua nimeyasema, na leo nayasema tena hapa Jinja, kwa sababu kila wiki napata ujumbe ule ule: "Mama, nimepata kazi ya mtandaoni, nataka kuzunguka Afrika Mashariki huku nafanya kazi, nianzie wapi?" Ananiuliza intaneti ya wapi ina kasi. Ananiuliza pesa zitamfikiaje, achukue begi gani. Miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyeniuliza atalala saa ngapi. Kwa hiyo mambo ya begi leo siyagusi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa narudi Jinja kutoka Nairobi, nikapanda basi la usiku. Kwa nini la usiku? Kwa hesabu ile ile mnayoipiga nyinyi: pesa ya loji inabaki mfukoni, na mchana wote nabaki nao kwa kazi. Basi likaondoka saa moja usiku. Nikajiambia nitalala njiani.

Njia ile mnaijua. Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, tulifika saa nane usiku. Taa zikawashwa, kondakta akaita watu wote washuke. Mvua inanyesha, pasi umeificha chini ya koti. Mpaka huo siku hizi ni wa kituo kimoja, mnagongewa mihuri mahali pamoja, na hilo nalishukuru, lakini foleni ni foleni. Mkirudi ndani mnawangoja watu wawili ambao karatasi zao hazijakaa sawa. Basi linaondoka, unatafuta pa kuegemeza kichwa, Bugiri inapita, unapata lepe moja la usingizi, na Iganga hiyo, mtu amegonga dirisha anauza chapati. Niliposhuka Jinja jua lilikuwa bado.

Nikaoga, nikanywa chai nzito, nikafungua kompyuta. Kazi iliyonisubiri ilikuwa ya kutafsiri maelekezo ya dawa kwa wagonjwa, kutoka Kiingereza kuja Kiswahili. Mstari mmoja ulimtaka mgonjwa ameze kidonge kimoja saa 8 ya asubuhi ya Kizungu na kingine saa 8 ya usiku ya Kizungu. Kila mmoja humu anajua hizo ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Mimi, niliyewaonya wenzangu mara nyingi juu ya mtego huo, nikaandika saa nane mchana na saa nane usiku. Nikasoma, nikaona ni sawa. Nikasoma mara ya pili na ya tatu, sawa. Nikatuma.

Mhakiki akaliona. Alikuwa mama mtu mzima ambaye mpaka leo sijawahi kuonana naye. Akanipigia simu. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Mwanangu, jana ulilala wapi?"

Sikuwa na jibu.

Najua kuna anayesema moyoni: kati ya kidonge na kidonge bado ni saa kumi na mbili, kuna ubaya gani? Ubaya ni mgonjwa mzee anayeamshwa saa nane usiku ameze dawa tumbo likiwa tupu kwa sababu karatasi imesema hivyo. Na hata hilo si ndilo linalonikosesha amani. Linalonikosesha amani ni zile mara tatu nilizosoma nikaona sawa. Mtu aliyekosa usingizi hajui kwamba amepungukiwa. Chombo anachojipimia ndicho hicho hicho kilichoharibika. Kwa hiyo kijana anaponiambia, "Mama, mimi saa nne zinanitosha, najisikia vizuri," simwamini, wala asijiamini. Madaktari wa usingizi wa Marekani walikaa pamoja mwaka 2015 wakasema mtu mzima alale saa saba au zaidi kila usiku. Kila usiku, si usiku wa Jumapili peke yake ili kulipa deni la wiki.

Sasa turudi kwenye ile saa niliyoikosea, maana humo ndimo yalimo yote ninayotaka kusema.

Kwa Kiswahili, saa moja ni asubuhi. Luganda nao ni vivyo hivyo, ssaawa emu ni jua likiwa limeshatoka. Mzungu anaanza kuhesabu katikati ya usiku, watu wamelala, hakuna ishara yoyote angani. Sisi tunaanza kuhesabu kunapopambazuka. Na mwili wa binadamu, awe Mganda, Mzungu au Mchina, unahesabu kwa Kiswahili.

Nalisema hilo bila utani. Ndani ya ubongo, nyuma ya macho, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kifungu cha chembe hai zipatazo 20,000. Hicho ndicho kinachotunza saa ya mwili mzima: wakati wa joto kupanda, njaa kuja, usingizi kuingia. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuonyesha jinsi saa ya namna hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe, na walianza na nzi wa matunda. Sasa sikilizeni hili, maana ndilo ambalo watu hulipita. Saa hiyo ya binadamu haina saa 24 kamili. Kwa wastani inazidi kwa dakika kumi na kitu. Ukiiacha peke yake inachelewa leo, inachelewa kesho, mwisho wa mwezi imekwenda mbali. Kinachoirudisha kila siku ni mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Yaani kila siku lazima mtu aiambie: sasa ni saa moja, anza kuhesabu.

Na sisi tumepewa jua ambalo wenzetu wangelinunua kama lingeuzwa. Ikweta inapita Kayabwe, pale kwenye barabara ya Masaka mnaposimama kupiga picha. Hapa Jinja jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi na saa moja, Januari hadi Desemba. Mwaka mzima halisogei zaidi ya nusu saa hivi. Mtu wa London wakati wa baridi anaamka gizani na kurudi nyumbani gizani. Wewe unaye mwamshaji asiyechelewa, na dirisha lako umelifunika kwa blanketi kwa sababu ulikuwa na mteja wa California mpaka saa kumi alfajiri!

Hapo mtaniambia: "Mama, mteja ndiye mwenye pesa. Akiwa macho, na mimi niwe macho." Nimelisikia hilo mara nyingi na linanichosha. Hebu tupige hesabu pamoja. Mteja wa New York anafanya kazi saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kwake. Wakati wao wa baridi, kwetu hiyo ni saa kumi na moja jioni hadi saa saba usiku. California ni mbaya zaidi: saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri. London ni saa sita mchana hadi saa mbili usiku, na huyo sioni kwa nini akukoseshe usingizi. Sasa niambie kazi yako ni nini. Unatafsiri? Unanakili sauti? Unachora? Unaandika programu? Anayekulipa anataka akiamka aikute kazi. Hahitaji uikeshee wakati yeye yuko macho. Mwambie tangu mwanzo, kabla ya kutia sahihi: nitapatikana kwa mazungumzo kwa muda wa saa mbili kila siku. Kwa mtu wa California, saa mbili usiku hadi saa nne usiku kwetu. Saa tano uko kitandani, saa kumi na mbili na nusu umeamka, umelala saa saba na nusu. Kazi yenyewe unaifanya mchana, akili ikiwa mbichi. Nimefanya hivi na wateja wengi. Walioniacha kwa sababu hiyo hawafiki watatu.

Na mkumbuke wenzetu hao huzisogeza saa zao. Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Marekani ni Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Hazilingani, kwa hiyo kuna majuma ambayo London imebaki pale pale na New York imesogea. Zisogezeni kwenye kalenda. Kitandani msizilete.

Hata ukivuka Katuna kuingia Rwanda, simu itajirudisha saa moja nyuma. Vijana hunikuta Kigali wakisema wamechanganyikiwa. Mmechanganywa na nini? Jua la Kigali na la Kabale ni lile lile, kilichobadilika ni namba. Amka na jua, ulale saa zile zile baada ya jua kutua, na mwili hautajua kwamba umevuka mpaka. Msafiri wa ndege kutoka Entebbe kwenda Marekani ndiye anayehitaji siku kadhaa, karibu siku moja kwa kila saa aliyovuka. Sisi wa mabasi ya Mombasa, Arusha, Kampala na Goma hatuna udhuru huo. Kinachotumaliza ni safari za usiku.

Kuna mzee aliniambia, hapa hapa Busoga, kwamba wazee wao walikesha kwenye ngoma na matanga na hawakufa. Mzee wangu, kwa heshima, usiku mmoja wa matanga si sawa na miezi kumi na minane ya kukesha. Na Busoga ni mahali pa mwisho duniani pa kudharau usingizi. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa wa malale ulipita kwenye fukwe hizi za ziwa, ukaua watu wanaokadiriwa kufika robo milioni. Vijiji vilihamishwa. Uganda ndiyo nchi yenye aina zote mbili za ugonjwa huo. Watu wanadhani mgonjwa wa malale hulala tu. Sivyo. Vijidudu vinavyoletwa na mbung'o vikishaingia kwenye ubongo, huvuruga ile saa: mchana anasinzia akiwa na kijiko mkononi, usiku yuko macho. Bibi zenu waliwaona watu wakienda namna hiyo. Basi ninapomkuta kijana mzima, hakuumwa na mdudu yeyote, anasinzia saa sita mchana juu ya kompyuta na saa nane usiku anang'aa macho, na ameyapanga hayo mwenyewe akayaita uhuru, inaniuma kweli.

Walinzi na wauguzi siwasemi. Kazi yao haihamishiki na tuna deni kwao, maana mwaka 2007 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani. Nawasema nyinyi ambao kazi yenu inahamishika na hamtaki kuihamisha.

Naonyeshwa kwamba muda unakwisha, basi niende haraka.

Bando za usiku. Ndiyo, ni nafuu. Zitumieni kupakua na kupakia mafaili makubwa, mkiwa mmeyapanga yaende yenyewe. Faili halihitaji ulitazame likipanda.

Umeme. Chajini mchana, msiusubiri urudi saa tano usiku ndipo mwanze.

Chandarua. Beba chako. Loji nyingi zina msumari darini na chandarua hakuna, au kipo kina tundu la kupitisha ngumi. Mbu wa malaria hufanya kazi usiku, na juma moja la malaria limeharibu mipango mingi kuliko intaneti mbovu.

Kahawa. Ya Bugisu ni nzuri, nami naipenda, lakini ukishainywa, baada ya muda wa saa tano hivi nusu ya nguvu yake bado imo mwilini. Saa nane mchana iwe ya mwisho. Vile vinywaji vya kopo vya kutia nguvu vihesabuni humo humo.

Nilitaka kusema pia juu ya wanaosafiri na watoto wadogo. Hilo linataka siku yake.

Kuna kaka kule nyuma ameinua mkono tangu mwanzo. Sema, mwanangu.

Anasema yeye anapokea simu za wateja wa California, zamu nzima, na mwajiri hataki kusikia habari ya kuihamisha. Na siku za mapumziko anapanda taxi kwenda Kampala kuwaona marafiki mchana kutwa. Haya. Zamu huna namna, lakini hizo siku za mapumziko ndizo zinazokuua, kwa sababu mara mbili kwa wiki unaulazimisha mwili ugeuke. Lala saa kumi na moja alfajiri mpaka saa sita mchana, siku zote saba, Jumapili nayo. Pazia zito, simu chumba kingine, marafiki uwaone jioni. Na kwa miezi hii usisafiri. Kodi chumba, kaa sehemu moja. Kisha umwandikie mwajiri kuomba zamu ya Uingereza, ukimtajia saa nilizozitaja hapa. Toka na daftari lako, njoo hapa mbele wakati wenzako wanakunywa chai, tuiandike barua hiyo sasa hivi.