Kuamia Ndege Baharini

Mhadhara kwa vijana wanaojiandaa kuwa waangalizi kwenye meli za uvuvi wa bahari kuu

Assalamu alaykum, na habari za asubuhi. Dhulumati mnaijua, ule mshipi mrefu wenye ndoana nyingi, kwa hiyo sitawachosha kueleza mshipi ni upi na chambo ni kipi. Ila mliyoizoea ina ndoana mia, mia mbili. Ya meli ya jodari inaweza kufika kilomita 100, na ndoana zaidi ya 2,000 kwa mtego mmoja tu.

Nani hapa amewahi kuamia ndege shambani? Mikono juu. Naam, wengi. Mimi nimeamia mpunga tangu nina miaka saba: teo mkononi, debe bovu la kugonga, na kamba yenye vitambaa kutoka mti huu hadi ule. Unaivuta, vitambaa vinacheza, kweleakwelea wanainuka kama moshi. Sasa sikilizeni. Kamba ile ile ndiyo inayomwokoa albatrosi, ndege mkubwa wa baharini. Meli inapomwaga ndoana, kamba inafungwa juu kwenye tezi, yaani nyuma ya meli, na kubururwa, ina vipande vya rangi kali vinavyoning'inia mpaka karibu na maji. Ndege anaogopa kuvipita, chambo kinapata nafasi ya kuzama. Shambani tunailinda nafaka isiliwe na ndege. Baharini tunamlinda ndege asimeze ndoana pamoja na chambo. Kazi ni ile ile, kuamia, na ndiyo maana nakataa kuitafutia jina la kigeni. Neno tunalo, tena la bibi zetu.

Anakufaje? Chambo hakizami papo hapo. Maji yanayochafuliwa na rafadha hukirudisha juu, na kwa muda mfupi kinaelea. Albatrosi anakidaka, ndoana inamnasa, mshipi unashuka naye. Anakufa maji, ndege aliyeumbwa kuishi juu ya maji. Yupo na mwenzake mdogo, petreli mwenye kidevu cheupe, mpiga mbizi hodari. Anakifuata chambo mita kumi na zaidi chini, anakirudisha juu, na albatrosi anamnyang'anya. Kwa hiyo hata kilichokwisha kuzama bado ni hatari.

Na huyu si kweleakwelea, ukimpoteza mmoja wapo maelfu. Albatrosi mkubwa akikunjua mbawa, ncha hadi ncha zinakaribia pima mbili. Anataga yai moja, na akifanikiwa kulea hutaga tena mwaka wa pili yake. Baba na mama hupokezana safari za kutafuta chakula, na mmoja akinaswa, aliyebaki hawezi kulea peke yake. Kinda anakaa kwenye kiota anangoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba dhulumati duniani zinaua ndege wa baharini wasiopungua 160,000 kila mwaka.

Kila ninaposimama kusema haya, mtu huniambia: "Mzee, watu hawana kitoweo, wewe unalia na ndege." Nimechoka kulisikia, lakini nitalijibu tena. Hakuna aliyesema msivue! Ndoana iliyoliwa chambo na ndege haileti jodari. Hasara ya kwanza ni ya mvuvi mwenyewe.

Tazameni Namibia. Mwaka 2009, dhulumati za samaki aina ya heki zilikadiriwa kuua ndege 22,000 hivi katika maji yao. Mwaka 2015 serikali ikaweka kanuni, kamba ya kuamia ikawa lazima. Makadirio ya mwaka 2018? Ndege 215. Sijaacha sifuri hapo. Na wanaozitengeneza kamba hizo ni kikundi cha kina mama wa Walvis Bay, Meme Itumbapo, wanazifunga kwa mikono yao na kupata riziki. Kamba na vipande vya plastiki! Nani ataniambia kwamba jambo hili linatushinda?

Mwingine atasema albatrosi hafiki kwetu. Kweli, Pemba hutamwona. Lakini meli ya jodari haina kijiji. Leo iko huku, kesho iko kusini. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania na Kenya ni wanachama, ilipitisha azimio mwaka 2012: kusini ya latitudo 25, kila meli ya dhulumati itumie angalau njia mbili kati ya tatu, yaani kumwaga ndoana usiku, kuongeza uzito, na kamba ya kuamia. Mstari huo unapita kaskazini kidogo tu ya Maputo. Huko ni mbali?

Naona mwenyekiti ananionesha saa. Usiku na uzito nilitaka kuvieleza kwa utulivu. Kwa kifupi: albatrosi wengi hula mchana, ila mbalamwezi ikiwaka usiku hausaidii sana, na chubwi nzito karibu na ndoana hukizamisha chambo upesi. Vifaa vya kufunika ncha ya ndoana tuviache.

La mwisho, maana ni kazi yenu. Msingoje mshipi unapovutwa ndipo mhesabu. Wengine waliokufa wakati wa kumwaga huchomoka au huliwa na papa kabla ya kufika juu, na hesabu yako inatoka pungufu. Ndoana zinapomwagwa, simama tezini. Uliza kamba iko wapi. Kama imekunjwa stoo, andika: imekunjwa stoo.