Mwindaji Anapokutana na Dubu Mweusi

Wazee wetu, kina mama, ndugu zangu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumze kuhusu dubu kwa sababu vijana kadhaa hapa Maine, jimbo hili la Marekani, wanataka kuchukua leseni ya kuwinda, na mama zao hawapati usingizi.

Basi nianze na hao mama. Mwaka 2011 mtaalamu wa dubu wa Canada, Stephen Herrero, pamoja na wenzake, walichapisha hesabu ya watu waliouawa na dubu weusi wa porini Canada na Marekani kuanzia 1900 hadi 2009. Walipata watu 63. Miaka 110, bara kubwa namna hii, watu 63. Mimi naiogopa zaidi barabara mnayoendea kazini wakati wa theluji.

Lakini mwindaji si sawa na mtu anayejitembelea msituni. Yule mtembezi huambiwa aongee, apige makofi, aende na wenzake, ili dubu amsikie na ajiendee zake. Mwindaji hufanya kinyume chake. Anakwenda peke yake, alfajiri au jua likizama, kanyamaza kimya, na amekaa mahali ambapo upepo unatoka kwa mnyama kuja kwake. Pua ya dubu ndiyo inayotuepusha sisi naye, na mwindaji ameshaiziba. Kwa hiyo mkikutana, mnakutana karibu mno, na aliyeyataka ni wewe.

Tuseme uko juu ya ulingo, umefungwa mkanda kwenye mti, unamsubiri kulungu. Chini anapita dubu jike na watoto wawili. Upepo unageuka. Anainua pua, anatoa pumzi kwa nguvu, na watoto wanaparamia mti, pengine huohuo uliokaa wewe! Mama anagonganisha meno, anapiga ardhi kwa viganja, mate yanamtoka. Anaweza hata kukujia mbio hatua kadhaa kisha akasimama ghafla. Kijana asiyefundishwa hapo anafyatua risasi, au anaruka chini akavunjika mguu.

Dubu huyo anaogopa. Zile kelele zote ni za kukuambia uondoke, na kama huwezi kuondoka, basi umpe nafasi aondoke yeye. Sema naye kwa sauti ya kawaida, kwa Kiswahili ukipenda, ili ajue wewe ni mtu. Usishuke. Usimkodolee macho. Mara nyingi ataita watoto wake na kwenda.

Wa kuogopwa ni yule asiyepiga kelele. Hesabu ile ya Herrero ilionyesha kuwa asilimia 88 ya mauaji yalitokana na dubu aliyemfanya mtu windo, na karibu wote hao walikuwa madume, wala si mama mwenye watoto. Huyo hakoromi wala hapigi ardhi. Anakufuata taratibu, masikio yamesimama, ukihama anahama. Usikimbie, maana hakuna mwanariadha duniani anayemshinda mbio, na usipande mti, kwani yeye ni hodari kuliko wewe. Na msijifanye maiti, jamani! Huo ni ushauri wa kukutana na grizli, yule dubu mkubwa wa kahawia, anapojihami, na Maine hakuna grizli. Simama wima, piga ukelele, rusha mawe, na akikufikia, mpige usoni kwa chochote ulicho nacho.

Beba pia kopo la dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu usoni. Kule Alaska watafiti walikusanya matukio ya 1985 hadi 2006, wakaona kuwa ilimgeuza dubu zaidi ya mara tisa katika kumi. Ila ikae kiunoni. Iliyomo ndani ya begi haina kazi, kwani inafika mita chache tu, na dubu akiwa mita chache hakupi muda wa kufungua zipu.

Hapa kwetu dubu wengi huwindwa kwa chambo kuanzia mwishoni mwa Agosti: pipa la donati na mikate iliyolala, na mwindaji kajibanza pembeni. Watu wanagombana sana juu ya jambo hili. Lilipelekwa kwenye kura mwaka 2004 na tena 2014, na mara zote waliotaka lipigwe marufuku walishindwa. Mimi silipendi sana. Hata hivyo nakiri kwamba dubu aliyetulia kwenye pipa unamwona vizuri, unajua kama ana watoto, na unapiga ukiwa na uhakika.

Uhakika huo ni muhimu, kwa sababu dubu aliyejeruhiwa ni taabu nyingine kabisa. Mafuta yake huziba tundu la risasi na manyoya mazito hunywa damu, kwa hiyo damu chini ni tone hapa, tone kule, halafu hakuna. Giza limeingia, naye kajilaza kwenye kichaka kinene. Usiingie peke yako na tochi. Subiri, umwite mtu mwenye leseni na mbwa wa kufuata nyayo.

Mnamjua Theodore Roosevelt, yule aliyeteremka Mombasa mwaka 1909 kuanza safari yake ya kuwinda. Miaka saba kabla, akiwa rais wa Marekani, alikwenda kuwinda jimbo la Mississippi, akakataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa mtini, na kutokana na kisa hicho akapatikana yule mwanasesere wa dubu anayelala na watoto wenu. Anayesahaulika ni Holt Collier, kiongozi wa msako huo, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, ambaye alimkabili dubu yule akiwa anaua mbwa, akampiga kwa kitako cha bunduki na kumfunga kamba. Dubu mwenyewe hakupona. Roosevelt aliagiza amalizwe, akauawa kwa kisu.

Mwisho, nyama. Mwaka 2022 familia moja ilikutana South Dakota ikala mshikaki wa dubu aliyewindwa Saskatchewan, kule Canada. Nyama ilikuwa imegandishwa siku 45. Ni nyeusi, kwa hiyo hawakutambua kuwa bado mbichi ndani. Sita waliugua minyoo ya trikinela, wawili kati yao wakiwa wamekula mboga tu zilizopikwa pamoja nayo. Minyoo ya dubu wa kaskazini haifi kwa baridi. Nunueni kipimajoto cha nyama. Ndani ifike nyuzi 74 za Selsiasi. Haya, maswali. Mama pale nyuma, nakuona.