Geuzeni Picha Kwanza

Ndugu zangu, nimelisema hili mpaka wengine mnaniona kero: picha ikiletwa, msianze kusifu mvua na farasi. Igeuzeni, nyuma ndiko kunakosomeka imepita mikononi mwa nani.

Chukueni mandhari ya Camille Pissarro ya 1897, Rue Saint-Honoré, mtaa wa Paris, mchana wa mvua. Habari zake mnazijua, Myahudi wa kisiwa cha Saint Thomas, Karibi, aliyekimbilia London Waprusia walipoivamia Ufaransa 1870. Ukoo wa Cassirer wa Berlin uliinunua picha hii 1900. Mwaka 1939 Lilly Cassirer, Myahudi naye, akitafuta kibali cha kutoka Ujerumani ya Wanazi, akaiachia kwa Reichsmark 900, fedha ya Ujerumani ya wakati huo.

Najua kuna anayenong'ona, “Si aliuza mwenyewe?” Aliuza nini? Fedha ziliingizwa kwenye akaunti iliyofungwa, asiweze kuchota hata senti. Mwaka 1943 picha hiyohiyo ikapigwa mnada Berlin kwa 95,000. Fanyeni hesabu. Na msiniletee ile fidia ya mark 120,000 aliyolipwa Lilly na serikali ya Ujerumani 1958: picha ilidhaniwa imepotea, na makubaliano hayakumnyima haki ya kuidai.

Sasa nyuma. Kuna kipande cha lebo iliyochanika, neno Berlin bado linasomeka. Ni lebo ya duka la picha la Cassirer. Baron Thyssen-Bornemisza, tajiri mkusanyaji wa picha, aliponunua New York 1976 kwa dola 275,000, karatasi ile ilikuwa palepale. Mtu anayejua kutofautisha Pissarro na mchoraji mwenzake Sisley kwa kutupia jicho tu, karatasi hakuiona?

Lebo msiibandue, hata ikining'inia. Pigeni picha kwa taa ya ubavuni, kingo za gundi zitajitokeza. Mkikuta mraba mweupe kwenye mbao iliyofubaa, ile fremu ya nyuma inayokaza turubai, hapo palikuwa na lebo. Pimeni huo mraba, kisha ulinganisheni na lebo za maduka ya enzi hizo. Halafu tazameni matundu ya misumari. Matundu ya turubai yasipokutana na ya mbao, mbao imebadilishwa, na lebo inaitolea ushahidi mbao, si picha. Hapa ndipo wengi huteleza. Na turubai ikiwa imegandishiwa kitambaa kingine nyuma, mihuri yote iko chini ya gundi, itabidi imulikwe.

Vipimo? Sentimita 81 kwa 65, saizi ya kawaida ya madukani Ufaransa, namba 25, kwa hiyo peke yake haithibitishi kitu. Jina nalo hubadilika kila likitafsiriwa, na kutoka hoteli moja ya Paris Pissarro alichora picha 15. Linganisheni magari ya farasi, moja moja.

Leja za Durand-Ruel, muuzaji wa picha za Pissarro, na katalogi za minada ningezieleza, saa inanikimbiza. Kesi yenyewe, ya warithi wa Lilly kuidai picha: Hispania ilinunua mkusanyo wa Baron, picha hii ikiwemo, 1993, California ikabadili sheria yake ya kudai sanaa iliyoporwa 2024, na Machi 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikairudisha kesi chini isikilizwe kwa sheria hiyo. Haya, maswali. Wewe uliyekuwa unanong'ona, anza.