Mpira Usiokuwepo: Ufundi wa Kuchekesha katika Shaolin Soccer

Habari za jioni, ndugu wanafunzi. Leo tunamjadili Stephen Chow, mchekeshaji na mwongozaji wa Hong Kong, na filamu yake ya mwaka 2001, Shaolin Soccer, aliyoiongoza na kuigiza mwenyewe. Kisa mnakijua: Sing, kijana wa kungfu asiye na kitu mfukoni, anakutana na Fung, nyota wa zamani wa soka aliyevunjwa mguu, na pamoja wanawakusanya ndugu zake Sing wa hekalu la Shaolin, hekalu la Kichina lenye sifa ya kungfu, waunde timu ya soka. Mwaka 2002 ilitwaa tuzo ya filamu bora ya Hong Kong. Tuziweke tuzo pembeni. Tutazame kicheko kinatoka wapi.

Chukueni lile kopo la bia. Sing analipiga teke, linapotelea angani. Fung hajali, kwake huyo ni kichaa tu. Baadaye analikuta limejichimbia ukutani. Kama lingegonga ukuta papo hapo, tungeona nguvu basi. Chow amelitenga teke na matokeo yake, akatuacha tusahau kwanza. Waongozaji wengi wachanga hawana subira hiyo: wanaonyesha teke, mlipuko, na mtu anayeshangaa, vyote kwa pumzi moja.

Sasa mpira wenyewe. Kwenye mashuti makubwa umewekwa na kompyuta, kazi ya Centro Digital Pictures ya Hong Kong. Mapigano aliyapanga Ching Siu-tung. Mpira wa kuchora hauna uzito, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Mguu unaopiga hewa haukutani na kitu: unapita laini, nyonga haishtuki, bega halirudi nyuma. Dawa yake ni mazoezi na mpira halisi mpaka mwili ukariri kile kishindo, ndipo mpira uondolewe. Kisha macho. Wachezaji saba wakitazama sehemu saba tofauti, hakuna kompyuta itakayowaokoa. Chomekeni kijiti chenye mpira wa tenisi nchani, na mtu ahesabu kwa sauti ili wote wageuke pamoja.

Kuna pia suala la fremu, yaani picha moja moja zinazounda filamu. Sinema hupita fremu 24 kwa sekunde. Mpira ukiondoka fremu mbili tu kabla mguu haujafika, mtazamaji hatajua kosa liko wapi, lakini hatacheka. Msisahau kivuli chake juu ya nyasi. Bila kivuli, mpira unaelea.

Anayepigwa na shuti huvutwa kwa waya. Kwenye filamu za mapanga, mkanda wa kufungia waya hufichwa chini ya kanzu pana. Mwanasoka ana jezi na kaptula tu, hivyo mkanda lazima uwe mwembamba, na kamera ichague upande. Kumvuta nyuma, waya mmoja mgongoni unatosha. Kupiga sarakasi, inahitajika miwili, kila nyonga mmoja. Kosa la kawaida ni wavutaji kuwahi: kiuno kinatangulia kabla mpira haujagusa kifua, na mtu anaonekana kama nguo iliyonyakuliwa kambani.

Kipa wao, Danny Chan, anafanana na Bruce Lee, na amevalishwa njano na nyeusi makusudi, rangi za vazi la Bruce Lee katika Game of Death. Utani huo hauhitaji hata neno moja la mazungumzo.

Fainali, kwa maoni yangu, inakaribia kuanguka. Kila shuti linataka kulizidi lililotangulia, na ukubwa ukikosa dari unachosha. Anayeiokoa ni Mui, aliyeigizwa na Zhao Wei. Haongezi nguvu, anauzungusha mpira kwa taichi, sanaa ya Kichina ya miondoko laini, hadi utulie. Na hatukushangazwa, kwa maana tulishamwona akikanda unga wa mikate ya mvuke kwa mizunguko ileile.

Zimeni taa. Tunaanza na mechi ya wahuni wenye nyundo, mara ya kwanza bila sauti. Andikeni ni ndugu gani kungfu yake inaamka kwanza, na kamera iko wapi inapoamka.