Mita Kwanza, Hita Baadaye

Wazee shikamooni. Vijana, habari za kazi. Najua wengine mmeacha wateja dukani, kwa hiyo sitazunguka.

Laptopu imeletwa haiwaki, haina hata taa. Hapa Kariakoo fundi anashika hita ya hewa moto kabla ya mita: anapuliza chipu, anabonyeza swichi, anapuliza tena. Ikiwaka, anasema ametengeneza. Mwezi hauishi, mteja karudi na mdomo umevimba. Ule ni ubahatishaji.

Anza na chaja. Nyingi hutoa volti 19 au 20. Pima kwenye ncha, usije ukafungua bodi nzima kumbe waya umekatikia ndani. Kisha fuata umeme unakopita: tundu la chaja, mosfeti za mlangoni, yaani zile swichi ndogo za umeme, halafu njia kuu inayolisha bodi yote. Taa ya chaja ikizimika kila ukichomeka, shuku shoti.

Chomoa chaja na betri. Betri, jamani! Weka mita kwenye omu, pima kati ya njia kuu na grauni, yaani upande wa hasi. Ikisoma karibu na sifuri, mara nyingi ni kapasita, kile kidude kinachotunza chaji, ndogo ya kauri iliyokufa, na kwa macho utaiona nzima kabisa.

Hapo ndipo watu hukimbilia pawa saplai, wamimine umeme waone nini kinachemka. Ngojeni kwanza. Pimeni koili zinazolisha prosesa, kila moja na grauni. Zenyewe kusoma omu chache, au hata chini ya moja, ni kawaida yake. Bodi nzuri zimetupwa kwa kutojua hilo. Ila kati ya koili hizo na njia kuu ipo mosfeti ya juu. Ikifa kwa shoti inapitisha kila unachomimina, na prosesa inakula volti moja hivi. Mimina 19 uone: umekuja kutoa shoti, umeondoka na prosesa ya watu. Kwa hiyo pima kati ya njia kuu na koili. Kukiwa na sifuri, ng'oa mosfeti hiyo kwanza.

Ukiridhika, mimina volti moja kwenye njia kuu, ampea zikiwa na kikomo. Paka bodi alkoholi, panapokauka upesi ndipo penye mgonjwa. Kamera ya joto ni nzuri, ila bei yake mnaijua.

Ikiwa imemwagikiwa chai ya maziwa, mteja atakuambia ameilaza kwenye mchele. Mchele haung'oi sukari. Fungua, sugua kwa alkoholi na mswaki, tena upesi, kwa unyevu huu wetu wa pwani kutu haichelewi.

Shoti hakuna? Rudisha chaja, tafuta volti 3.3 na 5 zinazotakiwa kuwepo hata kabla ya kubonyeza swichi. Zikikosekana, kagua chipu inayozitengeneza. Zikiwepo na bado kimya, tunahamia kwenye chipu inayopokea amri ya swichi, na hapo bila mchoro wa bodi utapapasa tu.

Kijana wa nyuma, naona umekuja na bodi. Ilete mezani tuipime.